Kikohozi cha Zamu ya Asubuhi

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, Bi Sindano alimpangia binti yake mito mitatu mgongoni, akamwachia chupa ya chai na kengele ndogo ya kumwitia jirani, kisha akatia vitu vyake kwenye kikapu: tochi, maji ya kunywa, kitambaa cha kuziba pua na barua ya ofisi ya madai ya kiwanda. Barua yenyewe ilikuwa ya mistari miwili. Ilisema kwamba jalada la matibabu la marehemu mume wake limeliwa na mchwa, kwa hiyo familia ilete kikohozi chenyewe. Chini palikuwa na sahihi na muhuri.

Hakushangaa. Kwa miezi kumi na moja ofisi ile ilikuwa ikimpiga danadana: leo lete picha mbili, kesho picha zimechakaa, keshokutwa mhusika yuko likizo, njoo wiki ijayo. Kuambiwa alete kitu ambacho angalau alijua kilipo ilikuwa nafuu kubwa.

Binti yake alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwalimu wa darasa la tatu. Mwaka juzi alianza kukohoa akifuta ubao, watu wakasema ni chaki. Mwaka jana akawa anafundisha ameketi. Sasa hata kulala chali hakuweza. Akijaribu, pumzi humkatikia njiani, akabaki ametoa macho na mama yake akimsugua mgongo. Daktari wa hospitali ya kifua alimpiga picha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda mrefu. Alisema kitanda kipo na mashine ya kupumulia ipo, lakini vile vitanda viliwekwa kwa ajili ya watu wa kiwanda na jamaa zao, basi. Kilichotakiwa ni fomu moja tu ambayo kwenye mstari wa "Chanzo cha ugonjwa" pameandikwa "Kiwanda", na muhuri juu yake. Kitanda kingemsubiri hadi Ijumaa. Akicheleweshwa zaidi ya hapo, alisema daktari, hatakihitaji tena, na aliyasema hayo mgonjwa mwenyewe akiwa amekaa pale pale anavaa viatu.

Kiwanda kilikuwa mwisho wa barabara ya changarawe, nusu saa kwa miguu. Enzi zake kilitengeneza mabati ya simenti, yale mazito ya kijivu, kwa kuchanganya simenti na nyuzi nyeupe zilizochimbwa ardhini ambazo wafanyakazi waliziita pamba ya mawe. Kilifungwa miaka kumi na tisa iliyopita. Wenye kiwanda waliondoka ndani ya wiki moja, wakabeba mashine zenye thamani, viti vya ofisini na mapazia. Vikohozi waliviacha.

Hilo kila mtu alilijua. Kila aliyekohoa mle ndani, kikohozi chake kilibaki palepale alipokitolea, na mwenyewe akenda nyumbani na kingine. Watu wa nyumba za jirani walizoea kiasi kwamba walirekebisha saa zao kwa kusikiliza zamu ya asubuhi ikiingia saa moja kamili, kwanza kimoja kimoja langoni, halafu kwa mkupuo. Mwenye nyumba mmoja aliwapunguzia wapangaji kodi kwa ajili hiyo. Wengine hawakupunguza.

Langoni alikuwepo mlinzi, mtu mzima aliyekuwa akiendesha mashine ya kuchanganyia, rafiki wa marehemu. Alikuwa amebakiwa na pafu moja, tena la mkopo, kama alivyopenda kusema mwenyewe, na maneno yake aliyagawa kwa kipimo: manane, tisa, kisha anashika mwamba wa lango na kungoja pumzi irudi. Alisoma barua, akairudisha, akachukua funguo.

"Shemeji," alisema, "mle ndani usikimbie, usifagie, usipulize kitu." Akashika mwamba, akangoja. "Na kikohozi kikikohoa karibu yako, usikipe pole."

Akangoja tena, halafu akaeleza. Kikohozi kikipewa pole hujiona kimepata mwenyewe, na hapo hakibanduki. Ulimi nao ni mbaya, mtu akisikia mwenzake anakohoa, pole imeshatoka kabla hajafikiri. Muuza vyuma chakavu mmoja aliingia kung'oa mabomba, akasema pole mara tatu bila kujua, akatoka na vitatu. Mke wake alivumilia mwezi mmoja, akamhamishia kwenye banda la nyuma, yeye na mabomba yake. Kwa hiyo pole ya Bi Sindano ilikuwa moja tu, aitunze mpaka atakapompata mumewe.

Waliingia kwa mlango wa kupakilia mizigo. Uani mabati yalikuwa bado yamepangwa kumi kumi, nyasi zimepenya katikati. Ukumbi wa kuchanganyia ulikuwa na giza, na vikohozi vya huko vilikuwa vizito, vyenye makohozi, vya watu wenye vifua vipana. Vilitoka nyuma ya pipa la chuma, vikanyamaza mlinzi alipopita, maana vilimjua. Ukumbi wa kukatia ulikuwa na mwanga kutoka juu, paa limetoboka, na ndani ya ule mwanga vumbi lilikuwa bado linaelea. Miaka kumi na tisa halijatua. Hakuna aliyeliambia kazi imekwisha. Bi Sindano alijifunga kitambaa puani na kupita pembeni, ameuma midomo, huku vikohozi vikavu vya wakataji vikimrukia kulia na kushoto. Mara mbili pole ilimfika kwenye meno, akaimeza.

Mume wake alikuwa mkataji. Watu walimwita Mrefu, na katika maisha yake hakuwahi kuvuta sigara, ila alipougua daktari wa kiwanda alimwandikia "sigara", kama alivyowaandikia wote, hata yule mzee wa stoo ambaye sigara aliijua kwa kutumwa dukani tu alipokuwa mdogo. Mrefu aliwahi kumwuliza daktari yule, kwa upole, maana ndivyo alivyokuwa, kama kuna sigara za kuvuta usingizini. Daktari alimwandikia siku mbili za mapumziko kwa utovu wa adabu. Siku hizo hazikulipwa, na hakuziona nyingine nyingi baada ya hapo.

Walimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, au tuseme walikikuta kikohozi chake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Bi Sindano aliinama kwelikweli, magoti sakafuni, tochi mkononi, akamulika chini ya benchi ambalo mumewe alikuwa akikalia kufunga kamba za buti. Mara ya kwanza hakusikia kitu. Kisha kikaja: viwili vifupi, kituo, na kirefu kimoja kinachoishia kwenye kujisafisha koo, kama mtu anayeomba radhi kwa kuwasumbua watu. Miaka kumi na mitano alikuwa amelala ubavuni mwa sauti ile. Machozi yalimtoka hapohapo, hakuyazuia.

"Pole, baba," alisema.

Kikohozi kilitoka mvunguni, kikasimama karibu na kisigino chake. Mlinzi alitingisha kichwa kukubali, wakaanza kurudi. Kazi ilikuwa imekwisha na bado ilikuwa saa nne.

Njia ya kutokea ilipita chumba cha ushonaji. Bi Sindano alikuwa amefanya kazi humo miaka minane, na jina lake alilipatia humo, kwa sababu katika wanawake kumi na wawili hakuna aliyetunga uzi haraka kuliko yeye. Walikuwa wakishona mifuko mikubwa ya kitambaa kinene ya kunasia vumbi juu ya mashine. Mfuko ukizeeka unashushwa, umejaa na kulainika, na unaletwa kwao waufumue, waukung'ute, watoe kitambaa kinachofaa kurudiwa. Meza zilikuwa bado zipo, cherehani hazipo. Alisimama kwenye meza ya kumi na moja kwa sababu ilikuwa yake, akaweka kiganja juu ya mbao, na hapo chini, karibu na mguu wa meza, akasikia kikohozi kidogo.

Kilikuwa kidogo sana. Kilikuwa cha mtu asiyejua bado kukohoa, anayeshangazwa na kifua chake mwenyewe.

Inabidi kueleza. Wanawake wale walikuwa wanazaa, kama wanawake wote, na mwenye mtoto mchanga alikuwa akienda nyumbani kunyonyesha saa nne na saa nane, na mifuko inalala. Msimamizi wa zamu, mtu wa hesabu kali, hakuipenda hiyo mifuko inayolala. Siku moja alileta makreti ya mbao, moja kwa kila mwenye mtoto, akayasukuma chini ya meza kwa mguu wake na kusema kwamba yeye hajaona kitu na hataona kitu. Wanawake walifurahi. Waliyatandika kwa mifuko mizee, maana hakuna kilichokuwa laini kuliko ile, wakawalaza watoto humo, wakashona. Binti wa Bi Sindano alilala kwenye kreti lake tangu miezi mitatu hadi alipoanza kutambaa. Alikuwa mtoto mtulivu. Wenzake walimwonea wivu.

Kreti halikuwepo tena, ila kikohozi kilikuwepo pale lilipokuwa. Bi Sindano alichuchumaa, akawaza haraka, maana alikuwa mtu wa kuwaza haraka. Ofisi ilitaka ushahidi kwamba ugonjwa umetoka kiwandani. Cha baba kilikuwa ushahidi wa baba. Hiki kilikuwa ushahidi wa mgonjwa mwenyewe, kimekoholewa ndani ya kuta zenyewe. Nani angebisha? Shahidi mmoja ni mzuri, wawili ni bora.

Mlinzi aliona uso wake, akatangulia kumwinulia mkono.

"Shemeji, cha mwenzio kinatosha. Hicho kiache."

"Huyu si mwanangu?"

"Ndiyo maana nakwambia," alisema mlinzi, na hapo pumzi ikamwishia. Aliishika meza ya kumi na mbili. Alikuwa na sentensi nzima ya kusema, tena ndefu. Kila mtu angeiona machoni mwake. Bi Sindano alimpa muda wa heshima, akihesabu kimoyomoyo, akaona asubuhi inakwenda na ofisi inafungwa saa sita.

"Pole, mama," alikiambia kile kidogo, na kikaja.

Mlinzi alipopata pumzi wao walikuwa wameshafika barabarani, wote watatu.

Ofisini foleni ilikuwa fupi. Afisa alikuwa kijana msafi, shati limepigwa pasi hadi kola, na alimpokea kwa heshima zote, akamvutia kiti, akamwuliza hali ya mgonjwa. Alikiomba kikohozi cha marehemu kisimame karibu na dawati. Akakisikiliza mara tatu kwa kuinamisha kichwa, akajaza karatasi: mwajiriwa, mwanamume, idara, kukatia, zamu, asubuhi. Akasema hakuna ubishi, hiki ni cha kiwanda, pamba ya mawe tupu, na daktari aliyeandika sigara Mungu amsamehe. Akaeleza kwamba mambo yenyewe ni mepesi. Kiwanda kinakubali kuwa mfanyakazi alirudi nyumbani na vumbi kwenye nguo za kazi, na nguo za kazi ni za kiwanda, kwa hiyo mtoto aliyeugua kwa vumbi hilo, ugonjwa wake umetoka kiwandani. Akavuta fomu ya hospitali. Kwenye mstari wa chanzo aliandika herufi K. Akaufungua muhuri, akaupulizia pumzi ya moto ili wino ushike.

Chini ya kiti cha Bi Sindano, kile kidogo kikakohoa.

"Na hiki, mama?" aliuliza afisa.

Angeweza kusema ni cha mtu wa foleni. Angeweza kusema ni chake mwenyewe, kwani wazee hukohoa. Lakini alikuwa amekileta kwa fahari, akakieleza kwa fahari: meza ya kumi na moja, kreti, mifuko laini, miezi sita. Alieleza hata jinsi mtoto alivyokuwa mtulivu. Afisa alimsikiliza bila kumkatiza, na alipomaliza aliuweka muhuri kando, akatoa kitabu cha kanuni kwenye kabati. Kitabu kilikuwa kizima, kurasa zote, hakina hata tundu la mchwa.

Kanuni ya kumi na nne ilisema watoto ni marufuku ndani ya uzio. Afisa aliisoma kwa sauti, polepole, akamgeuzia kitabu aone mwenyewe. Bi Sindano alisema makreti yaliletwa na msimamizi, kwa mguu wake, mbele ya wanawake kumi na wawili. Afisa aliuliza kama hilo liliandikwa mahali. Huenda liliandikwa kwenye daftari la zamu, na daftari la zamu lilikuwa kwenye kabati lile lile la majalada yaliyoliwa. Wale wanawake je? Bi Sindano aliwapitia kwa vidole. Waliobaki walikuwa wawili, na mmoja alikuwa hasemi tena.

"Unaona shida yangu, mama," alisema afisa, na kwa kweli alikuwa na huzuni. "Ingekuwa vumbi limemfuata mtoto nyumbani, sawa. Lakini vumbi lilikaa mahali pake. Mtoto ndiye aliyepelekwa kwenye vumbi."

Bi Sindano alimwomba basi amruhusu akiondoe kile kidogo, akifungie nje, na waendelee na cha baba kana kwamba hakikuja. Alimwomba kwa kumwita mwanangu. Aliteremka kwenye kiti na kushika ukingo wa dawati kwa mikono miwili. Afisa alimwinua kwa upole, akamketisha, akamwambia kwamba yeye binafsi angeweza kufumba macho, lakini masikio hayafumbi, na alikuwa ameshasikia. Kisha akaifuta ile herufi K kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake kwa mwandiko mzuri wa shule: Mama mzazi. Akagonga muhuri.

"Fomu yako imekamilika," alisema.

Kikohozi cha marehemu kilibaki ofisini. Kilitolewa saa za kazi, ndani ya uzio, na kila kilichotoka mle saa za kazi ni mali ya kiwanda. Afisa alikifungulia mlango wa chumba cha majalada, kikaingia kwa adabu, kikajisafisha koo. Kile kidogo hakikuwa cha mwajiriwa, kwa hiyo ofisi haikukihitaji. Kitanda cha hospitali kilipewa mama mkwe wa msimamizi wa zamu Ijumaa asubuhi. Huyo alikuwa hajawahi kukanyaga kiwandani hata siku moja, alifua tu nguo za mkwewe, na karatasi zake zilikuwa safi.

Bi Sindano alifika nyumbani saa nane mchana. Alikuwa amekusudia kuichana ile fomu njiani, mkono ukakataa. Ilikuwa na muhuri, na miezi kumi na moja alikuwa ameutafuta muhuri. Binti alinyoosha mkono kabla hajaulizwa chochote, akaichukua, akaisoma. Akaisoma tena, kidole kikifuata mstari, kama alivyowafundisha watoto wa darasa la tatu.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza.

Bi Sindano alikuwa na mengi ya kusema. Angemwambia kuhusu msimamizi, kuhusu saa nne na saa nane, kuhusu kwamba hakuna aliyejua, na kwamba aliyejua alikuwa na pafu moja.

"Ulikuwa unalala vizuri mle," alisema. "Hukuwa unalia hata kidogo."

Binti alikunja fomu mara nne, akaiweka chini ya chupa ya chai. Kile kidogo kilikuwa kimefika kwenye miguu ya kitanda, na kilipokohoa aliinamisha kichwa, akakisikiliza, akauliza ni cha nani. Mama yake alimwambia. Kifua cha binti nacho kikashika, akakohoa kirefu, kile kidogo kikamfuatia, na kwa muda vikapokezana hivyo mpaka vyote viwili vikachoka.

Kisha akaiondoa mito ya mgongoni, mmoja baada ya mwingine, akajisukuma kwa kiwiko mpaka akagusana na ukuta ili kile kidogo kipate pa kulala. Kikapanda. Alikifunika shuka, akampa mama yake mgongo. Bi Sindano alisogea kukaa ukingoni mwa kitanda amsugue, akaona hapana nafasi, akaenda kukaa kwenye kiti cha mlangoni.